Binti Mbele ya Baba: Kesi ya Mwisho katika Rosa Mistika

Wasomaji wengi wa Rosa Mistika huwa hawaridhiki na mwisho wake. Wanaifuata riwaya kwa moyo mmoja mpaka Rosa anapojitoa uhai, halafu wanashangaa kujikuta mbinguni, mbele ya Mungu, binti na baba yake wakishitakiana. Hoja inayotolewa dhidi ya mwisho huo imekwishazoeleka madarasani: kwamba mwandishi aliyekuwa akitusimulia maisha kama yalivyo, pombe kama ilivyo na viboko kama vilivyo, ghafla ameshikwa na hamu ya kuhubiri. Amefunga hadithi ya duniani kwa tambara la dini.

Naipinga hoja hiyo. Kesi ya mbinguni ndiyo inayoibeba riwaya yote, na anayeiona kuwa ni nyongeza hajaangalia vizuri jinsi kurasa zilizotangulia zilivyojengwa. Toka mwanzo mwandishi anamnyima Rosa kitu kimoja, anamnyima makusudi, na anampa hapo tu: nafasi ya kusimama mbele ya baba yake, Zakaria, akasema naye. Akiwa hai hawezi. Mila hazimruhusu, umri haumruhusu, woga haumruhusu. Riwaya ya kihalisia inayochukulia mila hizo kwa uzito haiwezi kumpa Rosa nafasi hiyo bila kusema uongo. Basi mwandishi akachagua kuuvunja uhalisia kuliko kumdanganya msomaji.

Mwandishi ni Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Aprili 1944 Namagondo, kisiwani Ukerewe, akasoma Seminari ya Nyegezi na baadaye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Rosa Mistika ilitolewa na East African Literature Bureau mwaka 1971, mwandishi akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu. Ikapigwa marufuku shuleni. Baadaye ikaruhusiwa, ikasomwa na kutahiniwa, na mwaka 2025 ikatoka kwa Kiingereza kwa tafsiri ya Jay Boss Rubin. Mwenyewe hakuuona mwaka huo. Baada ya shahada ya uzamivu huko Madison, Marekani, na miaka mingi ya kufundisha Botswana, alifariki Dar es Salaam Januari 2020.

Naisoma riwaya hii nikiwafikiria wasomaji wa Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili za Kagera zilizokuwa moja hadi Kyerwa ilipofanywa wilaya mwaka 2012. Sababu ni kwamba wao ni wasomaji wa ndani kuliko wanavyodhani. Kinyambo, Kihaya, Kizinza na Kikerewe ni lugha za tumbo moja, na masimulizi ya Ukerewe yenyewe huwataja watawala wa ukoo wa Wasilanga kuwa walivuka ziwa wakitokea Ihangiro, upande huu wa Kagera. Mtu wa Nkwenda au Kayanga akisoma jinsi Regina, mama yake Rosa, anavyonyamaza mbele ya mumewe, jinsi majirani wanavyosikia kilio cha usiku na kulala, jinsi mtoto wa kike anavyopiga magoti kumpa mzee maji, hahitaji tanbihi. Nyumba ile anaijua.

Anayajua hata majina. Watoto wa Zakaria na Regina ni Rosa, Flora, Honorata, Stella, Sperantia na mdogo wao Emmanuel. Atakayemharibu Rosa anaitwa Deogratias. Jina la Rosa mwenyewe limetoka katika Litania ya Bikira Maria. Fungua daftari la mahudhurio la shule yoyote ya kata kati ya Omurushaka na Isingiro utayakuta majina hayo au ndugu zake, kwa kuwa Kanisa lilibatiza ziwa zima, kusini na magharibi. Aliyepitia seminari anajua uzito wa kila jina alilochagua. Msichana amepewa jina la Bikira na baba asiyeweza kumlinda, na mwanamume anayemlaghai amebeba jina la shukrani kwa Mungu. Kezilahabi hasemi lolote juu ya hili. Anayaacha majina yafanye kazi yao chini chini, na yanatutayarisha kwa mahakama itakayokuja, kwani watu hawa wote tangu ukurasa wa kwanza wameandikishwa mbinguni.

Sasa tuangalie mwendo wa usimulizi. Riwaya hii huwekwa katika fungu la hadithi za mapenzi ya vijana, na vijana wamekuwa wakiificha chini ya mito kwa sababu hiyo. Lakini ukiisoma kwa kuyatafuta mapenzi utashangaa jinsi yalivyo machache. Penzi la kweli ni moja tu, la Rosa na Charles Lusato, na linaonekana mara mbili: mwanzoni kama barua na mwishoni kama posa. Katikati hakuna kitu. Hatupewi matembezi kando ya ziwa, hatupewi maneno matamu chini ya mwembe, hatupewi hata siku moja ya wawili hawa kukaa pamoja wakacheka. Barua inafika, Zakaria anaijua, Rosa anapigwa.

Kipigo kile ndicho mwandishi anachokaa nacho. Hapo usimulizi unapunguza mwendo, tunaoneshwa, hatuelezwi. Hasira ya baba ina sauti, mwili wa binti una maumivu, mama ana hofu yake. Huu ni uamuzi wa ufundi, tena mkubwa. Msimulizi yeyote ana vitu viwili vya kugawa, muda na nafasi, na kwa jinsi anavyovigawa tunajua anachokiona kuwa kimetokea kweli. Kwa Kezilahabi, kilichotokea kweli katika ujana wa Rosa ni kupigwa. Mapenzi yalikuwa karatasi tu. Msichana anajifunza kuwa barua ya mvulana na fimbo ya baba ni tukio moja, na tangu hapo hatajua kuvitenganisha.

Kwa hiyo anapofika Rosary, shule ya wasichana Mwanza, tunamkuta akiwaogopa wanaume hata pale asipohitaji kuogopa. Woga huo unaonekana kama adabu. Walimu wanaweza kuusifu. Mwandishi hauiti adabu. Anauacha ukae, kisha anauacha uvunjike wote kwa pamoja, maana woga uliopandwa kwa fimbo haumfundishi mtu kuchagua. Deogratias, Bwana Maendeleo mwenye kazi na maneno, hakutani na msichana aliyekataa wengi kabla yake. Anakutana na ambaye hajawahi kupewa nafasi ya kusema ndiyo wala hapana.

Nimelinganisha riwaya hii na nyingine ya mbali sana, na ulinganisho umenisaidia kuona kilicho cha Kezilahabi peke yake. Mwaka 1963 huko Taiwan msichana wa miaka 25 alichapisha riwaya yake ya kwanza iitwayo Nje ya Dirisha. Jina lake la kuzaliwa ni Chen Zhe. Wasomaji wanamjua kama Qiong Yao. Alizaliwa Chengdu mwaka 1938, akavuka na familia yake kwenda Taiwan mwaka 1949, akiwa sekondari akampenda mwalimu wake wa fasihi, mama yake akalikata penzi hilo, na mitihani ya kuingia chuo kikuu ikamshinda. Hayo yote akayatia katika riwaya. Kisha akaandika nyingine zaidi ya 60, akawa mwandishi wa mapenzi aliyesomwa kuliko wote kwa Kichina, vizazi viwili vya wasichana wa shule wakalia naye, na tamthilia zake za televisheni zikatazamwa Asia nzima. Alifariki Desemba 2024 akiwa na miaka 86. Kwetu hajulikani kwa jina, ingawa hadithi za mapenzi na ndoa za Kichina tumezizoea tangu TBC iliporusha Doudou na Mama Wakwe Zake kwa Kiswahili mwaka 2011.

Mhusika wake mkuu, Jiang Yanrong, ni mwanafunzi. Mpenzi wake, Kang Nan, ni mwalimu. Kikwazo ni mzazi. Mpaka hapo tungedhani tunasoma hadithi ileile ya Ukerewe. Lakini Qiong Yao anagawa muda kwa namna iliyo kinyume kabisa. Penzi linapewa kurasa juu ya kurasa: darasa, kazi za kuandika, chumba cha mwalimu, mvua, dirisha ambalo msichana anachungulia nje akiota. Na mzazi anapoingia, anaingia akizungumza. Mama na binti wanabishana. Mama analia, anatishia, anabembeleza, anaeleza kwa nini, binti anajibu. Ugomvi wao ndio moyo wa riwaya, na unaendeshwa kwa mazungumzo, ana kwa ana, nyumbani, wote wakiwa hai.

Hapo ndipo tofauti inapokaa. Yanrong anaonewa, lakini anajibu. Anashindwa katika mabishano, lakini amebishana. Rosa hapewi mabishano. Anayempiga hamwulizi kitu kinachohitaji jibu. Ndiyo maana riwaya ya Taiwan inaweza kuisha duniani: yaliyopaswa kusemwa yalikwisha kusemwa, na mwisho wake ni huzuni ya mtu aliyerudi kumtafuta mwalimu wake baada ya ndoa kuvunjika, akamkuta amechakaa kwa pombe katika shule ya mbali. Rosa Mistika haiwezi kuisha duniani kwa sababu yaliyopaswa kusemwa hayajasemwa na wa kuyasema amekufa.

Mwalimu mlevi yumo katika riwaya zote mbili, jambo lililonishtua nilipoziweka pamoja. Kang Nan ni mwalimu anayeishia kwenye pombe. Zakaria ni mlevi aliyewahi kuwa mwalimu. Kwa Qiong Yao ulevi ni mwisho, ni kifusi cha penzi. Kwa Kezilahabi ni mwanzo, hali ambayo watoto wamezaliwa wakaikuta. Msomaji wa Kyerwa hatashangazwa na mpangilio huu wa pili. Katika wilaya hizi mbili ada, sare na godoro la bweni vimetegemea kahawa kwa miaka mingi, na kahawa ina msimu. Baba anayeuza kwa butura, kahawa ikiwa bado ua mtini, kwa bei ya kutupa, ili apate fedha ya leo, amekula mavuno ya wote kabla hayajaiva. Serikali imeipiga marufuku butura mara nyingi, na chama kikuu cha ushirika, KDCU, kipo kwa ajili ya mkulima auze kilichoiva kwa bei inayojulikana. Lakini rubisi, pombe ya ndizi, inauzwa kila siku na mnada wa kahawa hauji kila siku. Zakaria si mkulima wa kahawa. Ila mwenendo wake ni huo wa butura: anatumia leo kile ambacho binti zake wangekivuna kesho, na kilichobaki anakidai kama heshima.

Lazima nimtendee haki msimulizi kwa jambo moja. Hamfanyi Zakaria kuwa zimwi. Mtu huyu amesoma, amewahi kusimama mbele ya watoto na chaki mkononi, na anaelewa vizuri thamani ya kile anachokiharibu. Anamchunga Rosa kwa ukali kwa sababu anaijua dunia ya wanaume. Yeye ni mmoja wao. Ukali wake ni aina ya ungamo ambalo hajui kulitamka. Laiti riwaya ingemfanya mjinga, kesi ya mbinguni isingekuwa na maana, maana mjinga hana la kujibu.

Kisha ipo sheria. Mwaka uleule wa 1971 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ndoa iliyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, ikaagiza kuwa aliye chini ya miaka 18 apate ridhaa ya baba, na mama afikiriwe kama baba amefariki. Mahakama Kuu ilivitangaza vifungu hivyo kuwa vinakiuka Katiba mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Riwaya na sheria hazikuandikwa kwa kujuana. Lakini zilitoka katika nchi moja, mwaka mmoja, na zote mbili zinamweka baba mlangoni pa maisha ya binti yake. Sheria inaamini kuwa mlangoni amekaa mtu mwenye akili timamu. Riwaya inauliza itakuwaje akiwa Zakaria.

Sehemu isiyonipendeza ni ile ya katikati, hasa Morogoro, chuo cha ualimu. Rosa aliyekuwa mwoga sasa anajulikana kwa wanaume, mkuu wa chuo naye hayuko nje ya orodha, mimba zinatolewa. Hapa usimulizi unakimbia. Kezilahabi aliyekaa na kipigo kwa subira sasa anahesabu. Anatuambia Rosa alifanya hiki, akafanya kile, wakamjua, wakamsema, na katika kuhesabu huko sauti ya msimulizi inaanza kufanana na sauti ya wasengenyaji wa bwenini. Tunajua Rosa alikuwa na nani. Hatujui alijisikiaje asubuhi yake. Mwanamume anaandika juu ya mwili wa msichana, na katika kurasa hizi mwili huo anauona kutoka nje tu. Qiong Yao, pamoja na machozi yake mengi kupita kiasi, asingeweza kulifanya kosa hilo. Msichana wake tunamjua kwa ndani hata pale tunapochoshwa naye.

Wapo watakaosema kasi hiyo ndiyo maana yenyewe, kwamba Rosa amejipoteza na hivyo hawezi tena kuwa na undani. Ni utetezi mzuri na ningependa kuuamini. Lakini mbinguni atarudi na undani wake wote, akijua kueleza alichotendewa na kwa nini. Aliyejipoteza kabisa asingekumbuka. Kwa hiyo Rosa wa Morogoro alikuwa na la kusema. Mwandishi ndiye hakusimama kumsikiliza.

Hata hivyo kurasa zilezile zimebadilika mikononi mwa wasomaji wa Kagera kwa namna ambayo mwandishi hakuipanga. Riwaya ilitoka mwaka 1971, mkoa ukiitwa bado Ziwa Magharibi. Miaka 12 baadaye, mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa Kagera. Msichana aliyeisoma Rosa Mistika huko Karagwe katika miaka ya 1990, katika nyumba ambayo huenda wajomba walikwishazikwa na bibi analea wajukuu, hakuisoma kama alivyoisoma mwenzake wa 1971. Kwake ile hesabu ya wanaume haikuwa suala la sifa mbaya tena. Ilikuwa suala la kuishi. Kinachonigusa ni kwamba ugonjwa haukuichakaza riwaya, bali uliisogeza karibu na kiini chake. Shitaka la Rosa ni kwamba alifungiwa asijue, akaachiwa dunia bila maelezo. Mwaka 1971 shitaka hilo lilikuwa la malezi. Baada ya 1983, katika mkoa huu, ukimya wa wazazi kuhusu miili ya watoto wao ulijaza makaburi, na redio, makanisa, misikiti na shule vikalazimika kusema yale ambayo baba hakuyasema.

Tunafika kwa Charles. Anarudi kumposa Rosa, na kwa mara ya kwanza tangu ile barua msomaji wa hadithi za mapenzi anapata alichokingojea. Mwandishi amecheza vizuri na taharuki hapa. Ametunyima penzi muda wote ili turuke kwa furaha linapobisha hodi. Halafu Charles anataka kujua kama Rosa bado bikira.

Lisome swali hilo kwa kuangalia umbo lake. Ni swali linalotaka jibu la neno moja. Maisha yote tuliyoyapitia, viboko, Rosary, Deogratias, Morogoro, mimba, yanatakiwa yaingie katika neno hilo moja. Na halirudishwi. Rosa hamwulizi Charles ameishije miaka hiyo yote, na msimulizi haulizi kwa niaba yake. Mwanamume mwema kuliko wote katika riwaya amekuja na kipimo kilekile cha Zakaria, isipokuwa yeye hakubeba fimbo. Barua iliyomletea Rosa kipigo ilitoka kwa Charles. Swali linalomuua limetoka kwa Charles. Penzi la riwaya limeanza na kumalizika kwa kumpeleka binti mbele ya hakimu asiyesikiliza.

Na hapo, Rosa akiwa amekufa, ndipo Kezilahabi anapotupandisha kwenye mahakama nyingine.

Nimeshiriki vikao vya ukoo vya kutosha kujua jinsi vinavyokwenda. Wazee wanakaa, mashitaka yanasomwa, binti anaitwa, anaulizwa, anajibu akitazama chini. Baba yake hasimami pamoja naye. Anakaa na wanaoamua. Kanisani ni hivyohivyo, shuleni ni hivyohivyo. Hakuna kikao kati ya vile tunavyovijua ambamo baba na binti wanasimama sehemu moja, mbele ya mtu aliye mkubwa kwa wote wawili kwa kiasi kilekile. Ili Zakaria ashuke kutoka kwenye kiti, lazima apatikane aliye juu yake. Afisa wa serikali hafai, maana Deogratias na mkuu wa chuo ni watu wa serikali nao. Mtawa wa Rosary hafai, maana shule yake ililinda mlango tu. Katika ulimwengu wa riwaya hii aliyebaki ni Mungu. Kezilahabi hakumleta kwa kukosa njia nyingine ya kumaliza kitabu. Alitafuta katika jamii yake yote mtu ambaye baba angelazimika kumjibu, akamkosa hapa chini.

Angalia pia jinsi lugha inavyobadilika. Pale juu usimulizi unapungua, mazungumzo yanachukua nafasi. Msimulizi aliyekuwa akijua kila kitu, akitoa hukumu ndogo ndogo kila aya, anarudi nyuma, amekwisha kupata hakimu mkubwa kuliko yeye. Rosa anazungumza kama mtu aliyepangilia hoja zake. Anamshitaki baba kwa malezi, na Zakaria lazima ajibu. Hilo ndilo tukio lenyewe la mapenzi katika kitabu hiki, kama tunataka kulitafuta: baba na binti wanaongea. Kwa ukali, kwa lawama, wamechelewa kupita kiasi, lakini wanaongea. Riwaya iliyotunyima mazungumzo ya wapenzi ilikuwa ikituwekea haya.

Wakosoaji wa Kezilahabi wa miaka ile hawakuwa na namna ya kujua kuwa mlango aliofungua hapo angeurudia. Miaka mitatu baadaye alitoa Kichomi, mashairi yaliyoacha vina na mizani na kuzua vita kubwa ya washairi. Kisha Kichwamaji, Dunia Uwanja wa Fujo, Gamba la Nyoka, zote zikishika ardhi. Halafu, kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, Nagona na Mzingile, ambamo hakuna tena kijiji wala mwaka tunaoweza kuutaja, na wafu na miungu wanazungumza bila kuomba radhi. Watu walishangaa kwamba mwandishi wa Rosa Mistika angeweza kuandika vile. Kurasa zake za mwisho zilikuwa tayari zimekwenda huko, akiwa na miaka isiyofika 30, kwa sababu msichana mmoja alihitaji pa kusemea.

Lawama yangu kwa kesi ile ni nyingine kabisa. Walioitwa ni wachache mno. Deogratias hayupo kizimbani. Mkuu wa chuo hayupo. Charles na swali lake hayupo. Kwa kumleta baba peke yake, riwaya inafanya kana kwamba chanzo cha yote ni malezi, na wanaume waliovuna walipewa ruhusa na Zakaria. Mwaka 2021 serikali ilitangaza kuwa wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito wanaweza kurudi shuleni, uamuzi mwema uliochelewa, nao pia ulizungumza na msichana na wazazi wake zaidi kuliko na aliyempa mimba. Kama kuna kurasa ambazo ningependa Kezilahabi angeziongeza, ni za mashahidi.

Kwa walimu wa fasihi wa Kayanga, Bweranyange, Nkwenda na Murongo ningependekeza riwaya hii ifundishwe kwa kuanzia huko mwishoni. Waanze na kesi. Wasome hoja za Rosa moja moja, kisha warudi nyuma kutafuta ni wapi katika maisha yake angeweza kuzisema, mbele ya nani, kwa sauti gani. Kila watakaposhindwa kupata mahali, waweke alama pembeni mwa ukurasa. Wasiache kuuliza, kwa kila shahidi aliyekosekana, angesema nini kama angeitwa, na wanafunzi wa kiume wapewe zamu ya kumjibia Charles.